Kerneli, Prosesa ya Usalama na Mlango Ulio Kati Yao

Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilidai kila kompyuta iwe na TPM 2.0, yaani mahali pa kutunza funguo za usimbaji fiche ambapo programu za kawaida hazifiki. Wengi wenye prosesa za AMD Ryzen hawakuwa na chipu ya pekee ya kazi hiyo. Waliingia kwenye mipangilio ya madabodi na kuwasha TPM iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Haukupita muda, malalamiko yakaanza kufanana: picha inaganda, sauti inakwaruza, kisha kila kitu kinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Machi 2022 AMD ilieleza chanzo. TPM hiyo ni programu dhibiti tu, inayoendeshwa na prosesa ndogo ya usalama iliyojificha ndani ya prosesa kubwa, na mara moja moja ilikuwa ikichukua muda mrefu kusoma na kuandika kwenye chipu ya kumbukumbu ya madabodi. Ilipokuwa kazini, mtumiaji alisubiri.

Upande wa Linux tatizo lilichelewa kujitokeza. Toleo la 6.1 la kerneli, lililotoka Desemba 2022, lilianza kuchota namba nasibu mara kwa mara kutoka vyanzo vya maunzi, TPM ikiwemo, na watumiaji wa Linux nao wakaanza kuona mgando ule ule. Kwanza waandishi wa kerneli walikizuia chanzo hicho kwenye matoleo ya zamani tu ya programu dhibiti ya AMD, wakiamini mapya yamerekebishwa. Malalamiko hayakukoma. Agosti 2023, katika toleo la 6.5, waliamua kutochota tena namba nasibu kutoka TPM yoyote ya AMD ya aina hii. Hawakuirekebisha. Wasingeweza kuirekebisha, kwa kuwa kasoro ilikuwa ndani ya programu wasiyoiona wala kuimiliki. Walichoweza ni kuacha kuiuliza.

Kisa hiki ni kidogo, na hakuna aliyeibiwa chochote. Lakini kinaonyesha sura ya jambo zima. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, tumezoea kuihesabu kuwa mtawala wa mashine: ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za programu, inayoamua nani aguse diski na nani asiguse. Kwa miaka ipatayo 20 sasa mtawala huyo amekuwa na jirani asiyemtii. Intel ina Management Engine, AMD ina prosesa ya usalama ifahamikayo kama PSP, Apple ina Secure Enclave tangu iPhone 5s ya mwaka 2013, na simu karibu zote za Android zina TrustZone ya Arm. Mipango inatofautiana. Ya AMD ilianza kama kiini kidogo cha Arm kilichopachikwa ndani ya prosesa ya x86. TrustZone haina prosesa yake: prosesa ile ile hubadili hali na kuingia upande wa pili, kisha ikarudi. Ya Intel ina mfumo endeshi wake, na mwaka 2017 ilibainika kuwa mfumo huo umetokana na MINIX 3, jambo lililomfanya Andrew Tanenbaum, mwandishi wa MINIX, aandikie Intel barua ya wazi akisema ingekuwa adabu angalau kumwarifu.

Mijadala mingi kuhusu prosesa hizi hukimbilia swali la ukuta: je, ni imara, je, una mlango wa siri wa majasusi? Ni swali halali. Lakini ukifuatilia mahali mifumo hii ilipovunjika kweli, mara nyingi hukuti ukuta uliotobolewa. Unakuta mlango uliowekwa makusudi, na watu wawili wasioaminiana wakipokezana vitu hapo, na mmoja akamwachia mwenzake aamue jambo ambalo hakupaswa kuliamua. Mlango huo, kwa upande wa mfumo endeshi, ndio kiendeshi: sehemu ya kerneli inayozungumza na kifaa.

Kiendeshi cha Linux kinachozungumza na PSP kimo kwenye folda iitwayo ccp, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Utaratibu wake ni mfupi kuliko mtu anavyodhani. Kerneli inaandaa fomu ya amri ndani ya kumbukumbu. Inaandika anwani ya fomu hiyo kwenye rejista mbili za PSP, nusu ya chini na nusu ya juu. Kisha inaandika namba ya amri kwenye rejista ya tatu, na kusubiri. PSP inaisoma fomu moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu, inafanya kazi yake, inajaza jibu mle mle, na kuwasha biti moja ya rejista kuashiria kwamba imemaliza. Amri hupita moja moja. Kuna kufuli ya kuhakikisha wawili hawaandiki kwa pamoja. Ni kama kununua kitu usiku kwenye duka lenye nondo: unapitisha hela tunduni, bidhaa inatoka tundu lile lile, na hujui muuzaji anafanya nini huko ndani. Ila muuzaji huyu ana ufunguo wa nyumba yako. PSP inaweza kusoma kumbukumbu ya mashine. Kerneli haiwezi kusoma ya PSP.

Muuzaji huyo asipojibu je? Hapo ndipo unyonge wa kerneli unapoonekana wazi. Kiendeshi hicho kimepangiwa kusubiri sekunde 5 kinapoamka na kujitambulisha, na hadi sekunde 100 kwa amri za kawaida. Muda ukiisha, kinaandika kwenye kumbukumbu za matukio kwamba amri imepitwa na wakati, kinaweka alama ya ndani kuwa PSP imekufa, na amri zote zinazofuata zinakataliwa papo hapo. Hakuna kumwamsha, hakuna kumhoji. Daktari angeita hiyo hati ya kifo iliyoandikwa bila kuugusa mwili, na bado sioni angefanya nini tofauti aliyeandika msimbo huo. Amri iliyokwama huenda bado inaendelea kule ndani, na fomu yake bado iko kwenye kumbukumbu. Kutuma nyingine juu yake ni kujitafutia balaa.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kerneli ndiyo mtu mwema na programu dhibiti ndiyo ya kushukiwa. Teknolojia ya SEV, ambayo AMD iliileta sokoni na seva za EPYC mwaka 2017, inageuza hesabu hiyo. Nia yake ni kumruhusu mteja aendeshe mashine pepe kwenye seva ya mtu mwingine bila mwenye seva kuweza kuisoma kumbukumbu yake. Kumbukumbu ya kila mashine pepe inasimbwa kwa ufunguo wake, na ufunguo huo unakaa kwenye PSP. Google ilianza kuuza huduma ya aina hii mwaka 2020. Kwa benki au taasisi ya serikali ya kwetu inayofikiria kuweka taarifa za watu kwenye seva za nje, hasa baada ya Kenya kupitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, ahadi hiyo si ya kupuuza.

Lakini angalia nani anayebeba amri. Kuanzisha mashine pepe iliyosimbwa, kupakia kumbukumbu yake, kupima alama yake, kuizima: yote hayo ni amri zinazotumwa kwa PSP na kerneli ya mwenyeji, yule mwenye seva. Yaani mshukiwa ndiye tarishi. Mgeni, ile mashine pepe, hana njia nyingine ya kumfikia mlinzi wake isipokuwa kupitia mikononi mwa yule anayelindwa dhidi yake.

Toleo la tatu la teknolojia hiyo, SEV-SNP, lililokuja na seva za EPYC za mwaka 2021, liliongeza jedwali linaloandika mmiliki wa kila ukurasa wa kumbukumbu: huu wa mwenyeji, huu wa mgeni fulani, huu wa programu dhibiti. Jedwali hilo lilibadilisha hata adabu ya mlangoni. Zamani kerneli iliipa PSP anwani yoyote, nayo ikaandika hapo. Sasa ukurasa ambao PSP itaandika jibu lake lazima kwanza ukabidhiwe rasmi kwa programu dhibiti, na baada ya amri kumalizika kerneli lazima iuombe urudishwe. Urudishaji ukishindikana, ukurasa huo si wa kerneli tena, na kuuandikia kutaleta kosa la mashine. Kiendeshi hufanya jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili angefelishwa nalo: kinauacha ukurasa huo upotee, makusudi, hadi mashine izimwe. Kina hata orodha ya kuziandika kurasa zilizopotea namna hiyo. Mimi naiona orodha hiyo kuwa msimbo wa kweli zaidi kuliko mingi, maana inakiri kwamba kuna mali ambayo kerneli imeitoa na haina mamlaka ya kuidai.

Sehemu inayonivutia zaidi iko upande wa mgeni. Ndani ya mashine pepe ya SEV-SNP kuna kiendeshi kingine, kidogo, ambacho kazi yake kubwa ni kuiomba PSP hati ya uthibitisho: karatasi yenye saini inayomwambia mteja kwamba mashine yake kweli imesimbwa na haikuchezewa wakati wa kuanza. Ombi hilo linapitia kwa mwenyeji, kwa hiyo linasimbwa. PSP humpa mgeni funguo za mawasiliano tangu anapoanzishwa, na kila ujumbe una namba ya mfululizo. Mbinu ya usimbaji iliyotumika ni AES-GCM, ambayo ni imara sana kwa sharti moja lisilo na msamaha: ufunguo mmoja na namba moja visitumike kusimba jumbe mbili tofauti. Ukivunja sharti hilo mara moja tu, mdukuzi hupata uhusiano kati ya jumbe hizo, na anaweza kuanza kughushi nyingine.

Sasa fikiria mwenyeji mjanja. Mgeni anatuma ujumbe wenye namba fulani. Mwenyeji anarudisha jibu la kosa: samahani, haikuwezekana. Je, PSP iliupokea ujumbe ule na kuipandisha namba, au mwenyeji aliuficha tu? Mgeni hawezi kujua. Akisimba ujumbe mpya kwa namba ile ile, huenda amevunja sharti. Akiruka namba, PSP huenda ikamkatalia. Mwishoni mwa 2022 kiendeshi hicho kilirekebishwa, na suluhisho lake ni kali: kama haiwezekani kurudia ujumbe ule ule neno kwa neno, kinafuta ufunguo. Njia hiyo ya mawasiliano inakufa papo hapo, na mgeni asiye na ufunguo mwingine hawezi tena kupata hati. Mwenyeji anaweza kumnyima mgeni huduma wakati wowote, hilo halizuiliki, lakini hawezi kumshawishi asimbe mara mbili kwa namba moja. Kiendeshi kimechagua kunyamaza kuliko kusema kitu kinachoweza kutumika dhidi yake.

Linganisha na kilichotokea kwenye simu za Samsung. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapisha uchunguzi wa programu inayotunza funguo ndani ya TrustZone katika familia za Galaxy kuanzia S8 hadi S21. Funguo za programu za simu hazikai ndani ya TrustZone yenyewe. Zinasimbwa humo kisha bahasha yake inatolewa nje na kuhifadhiwa upande wa Android. Usimbaji ulikuwa AES-GCM, mbinu ile ile, na namba ile isiyopaswa kurudiwa ilikuwa inaweza kuamuliwa na aliyetuma ombi. Aliyetuma ombi ni upande wa Android, ule ule ambao TrustZone imewekwa ili kutouamini. Kwa hiyo anayeidhibiti Android aliweza kuomba namba irudiwe na kuifungua bahasha. Kwenye simu mpya zaidi ilibidi kwanza kuirudisha programu kwenye mtindo wa zamani wa bahasha, na mlango uliruhusu hilo pia. Watafiti walikadiria simu zilizoathirika kuwa takribani milioni 100. Samsung ilitoa marekebisho mwaka 2021, kabla ya uchunguzi kuchapishwa.

Hisabati ni ile ile, na mazingira yanafanana. Tofauti ni jambo moja tu lililowekwa au lisilowekwa kwenye fomu ya ombi: nafasi ya mwombaji kujaza namba. Ndiyo maana siamini sana maelezo ya kampuni yanayojivunia kina cha ukuta. Ningependa kwanza kuiona fomu.

Kisha kuna suala la saini. Programu dhibiti hupakiwa tu ikiwa na saini ya kampuni, na watu huchukulia saini kama cheti cha afya. Lakini saini inasema nani aliiandika programu, haisemi kama ina kasoro. Mwaka 2016 mtafiti Gal Beniamini alionyesha jinsi ya kutoka kwenye programu ya kawaida ya Android, kupita kwenye kiendeshi cha Qualcomm kinachozungumza na TrustZone, kuvunja programu moja ya humo ndani, na hatimaye kuchota ufunguo unaolinda usimbaji wa simu nzima. Mwaka uliofuata, akiwa Google, alionyesha jambo la kuudhi zaidi: simu nyingi zilikubali kupakia toleo la zamani la programu ya TrustZone lenye kasoro inayojulikana, kwa kuwa saini yake bado ni halali. Kampuni ilirekebisha kasoro; haikubatilisha saini ya kale.

AMD ilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 2019 Robert Buhren na wenzake wa Berlin walionyesha kwamba kwenye seva za kwanza za EPYC mwenyeji angeweza kurudisha programu dhibiti ya zamani yenye kasoro, akachota ufunguo wa utambulisho wa chipu, na tangu hapo akaweza kujifanya seva salama milele, kwa sababu ufunguo ule haukubadilika hata programu ikisasishwa. SEV-SNP ilijibu kwa kufunga ufunguo wa saini na namba za matoleo ya programu dhibiti: toleo la zamani haliwezi kupata ufunguo wa toleo jipya. Jibu zuri. Mwaka 2021 kundi hilo hilo la Berlin lilivuruga umeme wa prosesa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, likaifanya ikubali programu isiyosainiwa na AMD, na likapata siri ambayo funguo za matoleo yote hutengenezwa kutokana nayo. Desemba 2024 watafiti wengine, kwa kifaa cha takribani dola 10, waliidanganya mashine kuhusu ukubwa wa kumbukumbu yake na kulizunguka lile jedwali la umiliki. Mashambulizi haya mawili yanahitaji mtu aguse mashine, kwa hiyo si ya kila mdukuzi. Lakini kumbuka ahadi ilikuwa nini: kumlinda mteja dhidi ya mwenye seva, na mwenye seva ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha seva.

Utegemezi nao hauendi upande mmoja. Katika OP-TEE, mfumo wa wazi wa TrustZone ambao njia yake ya kufikiwa iliingia rasmi kwenye Linux mwaka 2017, upande salama hauna diski wala kiendeshi cha diski. Ukitaka kuhifadhi kitu, unasimba na kuuomba upande wa Linux ukuhifadhie, kupitia programu ndogo inayosubiri maombi hayo. Linux inaweza kukataa, kuchelewesha, au kurudisha faili la mwezi uliopita na kudai ndilo la jana. Dhidi ya hilo la mwisho simu nyingi zina sehemu maalumu ya chipu ya hifadhi inayohesabu kila uandishi, na hata hiyo inafikiwa kupitia tarishi yule yule.

Je, kuuweka msimbo wazi kutasaidia? Kwa kiasi. Agosti 2023 AMD ilichapisha msimbo wa programu dhibiti ya SEV kwa seva za kizazi cha nne cha EPYC, hatua ambayo wapinzani wake wangefaa kuiga. Mtafiti sasa anaweza kusoma jinsi fomu inavyopokelewa upande wa pili, na anayeandika kiendeshi hahitaji tena kubahatisha. Mteja hata hivyo hawezi kuurekebisha msimbo huo na kuupakia kwenye seva yake, kwa sababu chipu haikubali saini nyingine. OpenTitan, mradi ulioanzishwa na Google na washirika mwaka 2019, unakwenda mbali zaidi kwa kuweka wazi hata mchoro wa chipu. Ni njia ninayoiamini kuliko nyingine, ingawa nayo lazima mtu fulani awe na ufunguo wa kusaini, na mzozo wa nani awe huyo haumalizwi na leseni ya msimbo huria.

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili prosesa ya usalama si ya seva. Ni ya simu, mara nyingi iliyonunuliwa Kariakoo au Luthuli ikiwa imetumika, na ndiyo inayolinda alama ya kidole inayofungua programu ya benki. Muda wa kampuni kuisasisha simu hiyo huenda umekwisha kabla haijafika dukani. Kuna watu wa kujitolea duniani wanaotengeneza Android mpya kwa simu zilizotelekezwa, na mara nyingi wanaweza kurekebisha hata kerneli na viendeshi vyake, maana msimbo huo uko wazi. Simu ya mwaka 2017 inaweza kupewa mfumo wa mwaka huu kwa njia hiyo. Ndani ya TrustZone yake kutabaki programu ile ile, ikiwa na saini ya siku ya mwisho kampuni ilipoikumbuka.